'Itafunguka tu': Kauli inayompotezea mnunuzi muda wake

KUANZIA maduka ya vifaa vya simu ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na ya Luthuli jijini Nairobi, hadi meza za wachuuzi katika magulio ya vijijini, kuna kauli moja ambayo mnunuzi wa hedifoni mpya hukutana nayo mara tu anaporudi kulalamika.

"Mzee wangu, hiyo bado mpya. Isikilize wiki mbili hivi, sauti itafunguka yenyewe."

Mzee huyo hushukuru na kuondoka. Wiki mbili zikiisha hutokea moja kati ya mambo mawili. Ama anakuwa ameizoea sauti ile na halalamiki tena, ama upande mmoja umenyamaza kabisa, na anapoirudisha anaonyeshwa maandishi madogo yaliyo chini ya risiti: Mali ikishauzwa hairudishwi.

Wapo watakaosema kwamba hedifoni ya shilingi elfu kumi na mbili ni kitu kidogo mno kujadiliwa katika kurasa za kilimo na biashara. Hata hivyo, kauli hiyo hiyo ya "itazoea" huambiwa mkulima aliyenunua pampu ya kumwagilia, betri ya sola au simu ya kupokelea fedha za mazao. Asiyejua lini kauli hiyo ni kweli na lini ni kisingizio, hupoteza fedha nyingi zaidi ya bei ya hedifoni.

Ni vyema kuanza na ukweli kwamba wazo lenyewe halikuzuka hewani. Vipo vitu ambavyo ni kweli huwa bora baada ya kutumika kidogo. Kiatu kipya cha ngozi hubana kwanza, kisha hufuata umbo la mguu. Chungu kipya huchemshiwa maji kabla ya kupikia mboga. Na injini mpya, kama kila fundi ajuavyo, haipewi mzigo mzito siku ya kwanza.

Injini ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Ndani yake pistoni hupanda na kushuka katika silinda, na ringi za pistoni husuguana na ukuta wa silinda hiyo. Vyuma hivyo vikiwa vipya bado vina vijichongo vidogo visivyoonekana kwa macho. Katika saa za mwanzo husuguana hadi vikakaa sawasawa, na vumbi la chuma linalotoka humo huingia kwenye oili.

Ndiyo maana kitabu cha maelezo cha injini ya Honda GX160, ambayo hufungwa kwenye pampu nyingi za maji, huagiza oili ya kwanza ibadilishwe baada ya mwezi mmoja au saa 20 za kazi, na baada ya hapo kila miezi 6 au saa 100. Hapo kulainika ni jambo la kweli, lina sababu inayoeleweka, lina muda uliotajwa na mtengenezaji, na lina kazi ambayo mwenye injini anapaswa kuifanya. Mkulima anayeruka oili ile ya saa 20 anaiachia injini yake inywe vumbi la chuma.

Sasa hedifoni ina nini ndani yake? Kwa aina iliyo ya kawaida, kuna sumaku, kuna koili ya waya mwembamba, na kuna utando mwepesi wa plastiki uliogundishwa kwenye koili hiyo. Umeme wa sauti unapopita kwenye koili, sumaku huivuta na kuisukuma, utando hutikisika, na hewa iliyo mbele yake huleta sauti sikioni. Katika hedifoni za kuziba tunduni mwa sikio, utando huo una upana wa takriban milimita 10, na katika zile za kufunika sikio zima ni takriban milimita 40.

Tofauti na injini ni kwamba humo hakuna chuma kinachosuguana na chuma kingine. Koili huelea katika nafasi yake bila kugusa sumaku. Ikigusa, hiyo ni hitilafu, na dalili yake ni sauti ya kukwaruza.

Wanaotetea kauli ya "itafunguka" husema kwamba utando mpya ni mgumu na hulegea kwa kutikiswa. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli kwa spika kubwa, kama zile za kwenye kumbi na makanisa, ambazo koni yake imeshikwa na pete ya mpira au kitambaa kinachonyumbuka. Pete hiyo hulegea kidogo inapoanza kufanya kazi. Kwa hedifoni, utando ni mdogo na mwepesi mno, na mabadiliko yanayopatikana yakipimwa kwa mashine ni madogo sana.

Vipimo hivyo vimewahi kufanywa. Mwaka 2011 Mmarekani Tyll Hertsens, aliyekuwa maarufu kwa kupima hedifoni, alichukua jozi mpya ya AKG Q701, akaipigia sauti kwa saa nyingi huku akiipima mara kwa mara. Aliona mabadiliko, lakini yalikuwa madogo kiasi kwamba kuisogeza hedifoni kidogo tu kichwani kungeweza kuleta tofauti kubwa zaidi.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Hertsens huyo huyo alipojijaribu kwa kusikiliza bila kujua ni ipi, aliweza mara nyingi kutofautisha jozi mpya na jozi nyingine iliyokwisha kutumika muda mrefu. Lakini hizo zilikuwa jozi mbili tofauti, na jozi mbili zilizotoka kiwanda kimoja hazilingani kabisa hata zikiwa mpya zote. Kwa hiyo jaribio hilo haliwezi kusema kwa uhakika kwamba ni matumizi yaliyoleta tofauti aliyoisikia.

Nayo kampuni ya Shure ya Marekani, ambayo hutengeneza maikrofoni na hedifoni, ilieleza mwaka 2013 kwamba hedifoni zake za aina ya E1, zilizoanza kuuzwa mwaka 1997, bado zilipimwa na kuonekana sawa na zilivyotoka kiwandani. Mtengenezaji ndiye ambaye angefaidika zaidi kama bidhaa yake ingekuwa inajiboresha yenyewe mikononi mwa mteja. Anapokana, maneno yake yana uzito.

Kama hedifoni haibadiliki kwa kiasi cha kusikika, mbona watu wengi wenye akili timamu huapa kwamba sauti ilifunguka? Jibu ni kwamba kilichobadilika ni msikilizaji. Mtu aliyehamia karibu na mashine ya kusaga hushindwa kulala siku za kwanza, na baada ya mwezi hasikii tena ngurumo yake. Mashine haikupunguza kelele. Ni yeye aliyezoea.

Sikio na ubongo hufanya vivyo hivyo kwa hedifoni. Aliyezoea besi nzito ya hedifoni yake ya zamani huona mpya imepwaya, na baada ya siku kumi ile mpya ndiyo inakuwa kipimo chake. Isitoshe, kumbukumbu ya sauti hasa ilivyokuwa hufifia katika muda wa sekunde chache tu. Hakuna mtu anayeweza kuilinganisha sauti ya leo na ile ya wiki mbili zilizopita. Anacholinganisha ni hisia aliyokuwa nayo siku ile.

Macho nayo hudanganya masikio. Mwaka 1994 watafiti Floyd Toole na Sean Olive, waliokuwa katika kampuni ya Harman, waliwasikilizisha watu spika mbalimbali, kwanza zikiwa zimefichwa nyuma ya pazia na kisha zikiwa wazi. Maksi walizotoa zilibadilika walipoziona, ingawa spika zilikuwa zile zile. Mtu aliyekwisha kutoa fedha zake mfukoni ana sababu nyingine ya ziada ya kutaka kuamini kwamba hakukosea.

Kuna jambo jingine ambalo mtu yeyote anaweza kulipima kwa akili yake bila mashine. Wauzaji husema siku zote kwamba sauti itakuwa nzuri zaidi. Hakuna anayesema, "Angalia, baada ya saa 100 itaharibika kidogo." Kama plastiki ingekuwa inalegea kweli kwa kiasi kikubwa, basi hedifoni nyingine zingekuwa bora na nyingine zingekuwa mbaya, kwa sababu plastiki haijui sikio la mwanadamu linapenda nini. Mabadiliko ambayo kila mara humpendeza mteja, tena kwa faida ya muuzaji, yanastahili kutiliwa shaka.

Wenye paneli za sola wanalielewa hili. Paneli za filamu nyembamba ya silikoni, aina iliyowahi kuuzwa kwa wingi nchini Kenya, hupungua nguvu katika miezi ya kwanza ya kupigwa na jua, kisha hutulia. Watafiti Staebler na Wronski walieleza tabia hiyo tangu mwaka 1977. Kwa upande mwingine, betri kubwa za asidi za kuhifadhi umeme wa sola huongezeka uwezo kidogo katika mizunguko ya mwanzo ya kuchaji na kutumia. Kila kifaa kina tabia yake, na kila tabia ina sababu. "Vitu vyote huzoea" si elimu, ni methali ya dukani.

Methali za aina hiyo hukaa muda mrefu hata baada ya sababu yake kuondoka. Hadi leo wapo wanaoambiwa waichaji simu mpya saa 8 kabla ya kuiwasha. Agizo la kuchaji kwa saa nyingi mara ya kwanza lilikuwa na maana kwa betri za nikeli za miaka ya zamani. Betri za lithiamu zilizomo katika simu za sasa hazihitaji jambo hilo. Teknolojia imebadilika, maneno ya kaunta yamebaki.

Hapa ndipo uchumi unapoingia. Mara nyingi mnunuzi huambiwa aipigishe hedifoni muziki kwa saa 100. Mkulima anayesikiliza kwa saa mbili kila jioni atafikisha saa 100 baada ya siku 50. Duka linalokubali kubadilisha bidhaa ndani ya siku 7 litakuwa limekwisha kufunga mlango wake wiki sita kabla. Hivyo, kauli ya "itafunguka" ina thamani ya fedha: inahamisha hasara ya bidhaa mbovu kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi, bila mnunuzi kujua kwamba amesaini mkataba huo.

Sheria nayo haimsaidii anayelala. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 nchini Tanzania na Sura ya 31 nchini Kenya, inampa mnunuzi nafasi ya kuikagua bidhaa, na inamtaka mfanyabiashara auze kitu kinachofaa kwa matumizi yake. Lakini sheria hiyo hiyo humhesabu mnunuzi kuwa ameipokea bidhaa ikiwa amekaa nayo kwa muda wa kutosha bila kumweleza muuzaji kwamba anaikataa. Anayesubiri siku 50 sauti ifunguke, anasubiri haki yake ijifunge.

Ubaya mkubwa ni kwamba hitilafu halisi za hedifoni hazitibiwi na muda. Waya uliokatika nusu ndani ya mpira hukatika kabisa. Maungio ya risasi yasiyoshika vizuri huachia. Koili inayogusa sumaku huendelea kukwaruza hadi iungue. Kwa maneno mengine, bidhaa nzima haina sababu ya kusubiriwa, na bidhaa mbovu ndiyo haipaswi kusubiriwa hata siku moja.

Wauzaji wadogo wanaweza kuuliza: je, kila mteja mwenye maneno arudishiwe fedha? Hapana. Wapo wateja wanaoharibu vitu kwa mikono yao, na faida ya mchuuzi ni ndogo. Lakini hesabu iangaliwe vizuri.

Chukulia mchuuzi amenunua dazeni moja ya hedifoni kwa shilingi 8,000 kila moja, jumla shilingi 96,000, na anauza kila moja kwa shilingi 12,000. Zikiisha zote anapata shilingi 144,000, yaani faida ya shilingi 48,000. Moja ikiwa mbovu na akaibadilisha kwa kumpa mteja nyingine, atauza 11 kwa shilingi 132,000, na faida itakuwa shilingi 36,000. Amepoteza shilingi 12,000.

Akikataa kuibadilisha, anaokoa shilingi 12,000 hizo. Lakini kama mteja huyo alikuwa akimwachia faida ya shilingi 2,000 tu kwa mwezi kwa kununua chaja, kava na vocha, kwa mwaka ni shilingi 24,000 zinazohamia kwa jirani, bila kuhesabu majirani atakaowasimulia. Na hata hasara ile ya shilingi 12,000 haikuwa lazima. Mchuuzi angezijaribu zote 12 mbele ya muuzaji wa jumla, kwa dakika mbili kila moja, ile mbovu ingebaki huko huko ilikotoka.

Mwaka 1970 mchumi George Akerlof wa Marekani aliandika juu ya soko la magari yaliyotumika, akaonyesha kwamba pale mnunuzi asipoweza kutofautisha zuri na bovu, hukataa kulipa bei ya zuri, na mwishowe wenye mazuri huondoka sokoni wakabaki wenye mabovu. Mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz, ambao nao walichunguza masoko ambayo upande mmoja unajua kuliko mwingine.

Soko la vifaa vidogo vya umeme limo katika hatari hiyo. Mnunuzi akishaamini kwamba hedifoni zote ni bahati nasibu, atatafuta ya bei ya chini kuliko zote, na mchuuzi mwaminifu anayeleta za bei ya juu kidogo hatapata wateja. Dawa yake ni dhamana. Mchuuzi anayesema "ijaribu hapa hapa, na ikisumbua ndani ya siku saba niletee" anatangaza ubora wa mali yake kwa namna ambayo mwenye mali mbovu hawezi kuiiga bila kufilisika.

Kwa mnunuzi, majaribio yenyewe si magumu. Hedifoni ijaribiwe kwa wimbo au hotuba iliyomo ndani ya simu, si kwa redio. Simu nyingi ndogo hutumia waya wa hedifoni kama antena ya kunasia mawimbi ya FM, hivyo redio ikikoroma kosa laweza kuwa la mawimbi. Zisikilizwe pande zote mbili kama zinalingana. Waya ukunjwe taratibu karibu na pini na karibu na sikio, kuona kama sauti inakatika. Sauti iongezwe kidogo, kusikia kama kuna kukwaruza. Kisha aliyenayo ya zamani ailete, alinganishe hapo hapo, maana kumbukumbu haidumu hadi nyumbani.

Kama sauti haimpendezi, ajue kwamba haitampendeza kesho kwa sababu ya hedifoni, bali kwa sababu ya mazoea yake. Kitakachobadilika kweli ni mito ya sponji inayofunika masikio, ambayo hulainika na kukaa vizuri zaidi, na hilo laweza kuongeza besi kidogo. Lakini mito hugusika kwa vidole pale pale dukani, haihitaji kuaminiwa kwa imani.

Na pale muuzaji wa kifaa chochote anaposema "itazoea", mnunuzi amwulize maswali matatu. Ni kipande gani kitakachobadilika? Kitachukua muda gani, na hilo limeandikwa wapi katika kitabu cha mtengenezaji? Na muda huo ukiisha bila mabadiliko, nani atabeba hasara? Muuzaji wa pampu mwenye ujuzi atayajibu yote: ringi za pistoni, saa 20, ukurasa wa matengenezo, na dhamana hii hapa imegongwa muhuri. Asiyeweza kujibu hata moja, basi aandike nyuma ya risiti tarehe ya mwisho ya kuirudisha. Kama ana hakika kwamba sauti itafunguka, kalamu haitamwogopesha.